Jino Likishang'olewa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Ukifika nyumbani tu, sukutua kwa maji ya chumvi." Ushauri huu utapewa na shangazi, na jirani, hata na kondakta wa daladala akiliona shavu lako. Nao ndio unaowaponza wengi.

Jino likitoka huacha shimo, na humo damu huganda ikawa donge jeusi. Wapo wanaolidhani uchafu, wakalichokoa kwa kijiti. Kumbe donge hilo ndilo bandeji yenyewe. Chini yake mfupa uko wazi. Basi kwa saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, na sigara iache kabisa. Chumvi si mbaya, ila ina siku yake: kuanzia kesho, nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, uyazungushe mdomoni taratibu.

Donge likitoka mapema, utajua. Siku mbili hadi nne baadaye maumivu huja upya, yakapanda mpaka sikioni, mdomo ukanuka, na panadoli haifui dafu. Magego ya chini ndiyo hasa yenye tabia hiyo. Wengi hapo humlaumu daktari kwamba kaacha kipande cha jino. Rudi kwake tu. Ataliosha shimo na kuweka dawa ndani.

"Kung'oa jino la juu hupofusha." Hapana. Jicho linaona kwa mshipa wake wa fahamu, na meno yana wake. Nadhani uvumi ulianzia kwenye maumivu yenyewe: mshipa wa meno ya juu hupita chini kidogo ya jicho, kwa hiyo gego bovu huweza kuuma mpaka huko. Ajabu ni kwamba anayelihatarisha jicho ni yule anayekaa na jino lenye usaha kwa kuogopa upofu, maana usaha huo unaweza kusambaa hadi jichoni.

"Damu haikatiki!" Mara nyingi ni mate. Damu kidogo ikichanganyika na mate mengi utadhani umechinjwa. Ng'ata pamba kwa nusu saa bila kuitoa toa kuchungulia. Ikiwa baada ya hapo mdomo bado unajaa damu tupu, nenda hospitali, hata kama ni usiku.

Aspirini iliyosagwa usiiweke shimoni: huunguza fizi na huifanya damu isigande.

Uvimbe siku ya pili au ya tatu kuzidi wa siku ya kwanza ni kawaida. Unaoendelea kukua baada ya hapo, pamoja na homa au kushindwa kumeza, si wa kusubiri.

Na lile la "gego halionekani, pengo la nini kuzibwa"? Meno ya jirani huanza kulala kuelekea pengo, lile la taya la pili linalotazamana na pengo likatokeza kulifuata, na nyama ikapata pa kunasia kila mlo.