Akiolojia ya kibiashara, na kwa nini mchimbaji mwenye shahada hulipwa kidogo

Akiolojia ya kibiashara ni uchimbaji wa mabaki ya kale unaofanywa na kampuni, kwa fedha za mwenye mradi wa ujenzi, kabla tingatinga halijapita. Pa kuchimba huamuliwa na ramani ya barabara, bomba au ghorofa. Kama makaburi ya kale yako mita mia pembeni ya mchoro, yatabaki huko huko.

Uingereza inaonyesha vizuri mfumo huu ulivyozaliwa. Mwaka 1989 mabaki ya Rose, ukumbi wa maigizo wa enzi za Shakespeare, yalifukuliwa London kwenye kiwanja cha ofisi, mzozo ukawa mkubwa. Novemba 1990 ukatoka mwongozo wa mipango miji wa England uitwao PPG 16, ambao ulimtwika anayetaka kujenga gharama za kuchunguza kilicho chini ya kiwanja chake. Mkataba wa Valletta wa 1992, ule wa Baraza la Ulaya wa kulinda mabaki ya kale, ukaeneza wazo hilo Ulaya. Marekani walitangulia kwa sheria ya 1966 ya kuhifadhi maeneo ya kihistoria, ila hiyo hugusa miradi yenye fedha au kibali cha serikali ya shirikisho.

Fedha zikapatikana, na tatizo la mshahara likaja nazo. Mwenye mradi shida yake ni kibali. Vigae na mifupa havimhusu. Hutangaza zabuni, na mara nyingi humchukua wa bei ya chini, maana ripoti nzuri na ripoti ya kulipua humfikisha palepale, ilimradi ofisa wa mipango aipitishe. Sasa, uchimbaji ni kazi ya mikono: koleo, mwiko, ndoo, kuchora na kuandika. Gharama yake kubwa ni watu. Kampuni inayotaka kushusha bei itakata wapi kama si kwenye siku za kazi na mishahara?

Mkataba wa kazi wa mchimbaji nao hufuata kiwanja. Wiki sita hapa, miezi mitatu kwingine, kisha begi mgongoni. Marekani wapo wanaohesabu posho ya chakula na malazi kama sehemu ya mshahara, wakalala wawili chumba kimoja ili ibaki. Kupanga nyumba kwa mwaka au kukopa benki kwa mkataba wa namna hiyo ni mtihani. Magoti na mgongo huchakaa mapema, na mimi naona hilo ndilo huwaondoa wengi, wakati uzoefu wao ndio kwanza umeiva.

Halafu ujenzi ukipiga chafya, wachimbaji ndio hulala kitandani. Mdororo ulioanza 2008 uliwaachisha kazi mamia ya wanaakiolojia Uingereza. Miradi mikubwa ya reli ilipokuja baadaye, kampuni zikahangaika kupata watu. Waliokwisha kuhamia kazi nyingine hawakurudi wote.

Ufaransa walijaribu njia nyingine. Sheria ya 2001 iliunda taasisi ya umma, Inrap, ikagharamiwa kwa tozo kwa wajenzi, na wafanyakazi wake wengi wana ajira ya kudumu. Lakini tangu 2003 uchimbaji wenyewe umefunguliwa kwa kampuni binafsi pia. Uchunguzi wa awali tu, ule wa mitaro ya majaribio, ndio uliobaki mikononi mwa umma.