Ethi: kwa nini kasha la kompyuta linapiga shoti

Ethi ni njia inayounganisha sehemu za chuma za kifaa na udongo. Inaanzia kwenye pini ndefu ya plagi ya pini tatu, inafuata waya wa kijani na njano, inaishia kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje ya nyumba.

Ndani ya pawa saplai ya kompyuta ya mezani mna kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, moja kati ya waya wa moto na kasha, nyingine kati ya nyutro (waya unaorudisha umeme) na kasha. Zinapitisha umeme kiduchu, nao huishia ardhini. Ethi ikikatika, kasha linabaki na takriban nusu ya volti 230. Ukiligusa ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji, vidole vinatekenywa. Testa nayo inawaka. Wenye kompyuta huipeleka kwa fundi, fundi anaichomeka kwenye soketi yenye ethi nzima, haoni kasoro. Mara nyingi ubovu umebaki nyumbani, ukutani.

Basi anza na ekstensheni. Nyingi za bei rahisi zina matundu matatu, lakini ndani ya kebo mna nyaya mbili tu! Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. Mtekenyo ukiisha, tupa ekstensheni. Usipoisha, fundi apime soketi kwa maltimita: moto na nyutro 230 hivi, moto na ethi karibu hizohizo, nyutro na ethi volti chache tu. Moto na ethi zikisoma pungufu sana na namba inayumbayumba, ethi haifiki. Shoti ikiwa kali, chomoa na usiitumie hadi ipimwe.

Hatari kwa vifaa huja wakati wa kuunganisha. Kasha lisilo na ethi likikutana na projekta yenye ethi, cheche huruka kwenye ncha ya kebo ya HDMI, na poti inaweza kufa palepale. Unganisha kebo kwanza, chomeka plagi ukutani baadaye.

Spika zikivuma ukiunganisha kompyuta na amplifaya, huenda ethi zipo mbili, kila kifaa na soketi yake, zikafanya mzunguko kupitia waya wa sauti. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja nzuri. Usivunje pini ya ethi ili mvumo uishe: waya wa moto ukigusa kasha siku hiyo, fyuzi haitakatika, na umeme utapita kwa atakayeligusa.