Lafudhi ya Kizungu si kipimo cha Kiingereza bora

Wengi hapa Nairobi wanaamini kwamba huwezi kufika kiwango cha juu cha Kiingereza mpaka usikike kama Mwingereza au Mmarekani. Imani hii inaeleweka. Kwenye usaili wa kazi, anayejibu kwa lafudhi hiyo mara nyingi huonekana msomi zaidi.

Lakini hata Uingereza kwenyewe hakuna lafudhi moja. Mtu wa Liverpool hatamki kama wa Glasgow, na wote ni wenye lugha. Sarufi na msamiati navyo havitegemei lafudhi hata kidogo.

Kinachomkwamisha msikilizaji mara nyingi ni mkazo. Katika Kiswahili tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho: kitabu, kitabuni. Kiingereza huuhamisha. "Photograph" hukazwa mwanzoni. Ukisema "photographer", mkazo unahamia silabi ya pili na vokali ya kwanza inafifia. Tena Kiswahili kina vokali 5 tu, ndiyo maana "ship" na "sheep" hutoka vinywani mwetu sawasawa. Hapo ndipo jasho linafaa kumwagika.

Kamusi nzuri huweka kistari kidogo kilichosimama kabla ya silabi yenye mkazo, kitafute. Kisha jirekodi kwa simu ukisoma aya ya gazeti, umpe rafiki ambaye hajaiona aandike anachosikia. Maneno atakayoyakosea ndiyo ya kufanyia mazoezi. Yale aliyoyapata, hata kama yana lafudhi ya Kakamega au Machakos, yaache yalivyo.