Je, wajua kwa nini seva pacha haikuokoi ukifuta data kwa bahati mbaya?

Tuchukulie ghala la chai pale Shimanzi, Mombasa, lenye seva mbili za PostgreSQL, programu ya kutunza data kwenye majedwali: kuu iko ghalani, pacha, inayonakili kila kinachobadilika kwenye kuu, iko Nyali, ng'ambo ya daraja. Saa nane na dakika saba mchana karani anataka kufuta mzigo mmoja. Anasahau kuandika sharti la kuutaja mzigo huo, anabonyeza, na jedwali zima linafutika.

"Tulia ndugu yangu, Nyali kuna kopi," mwenzake anamwambia. Wanaifungua ya Nyali. Nayo tupu.

Pacha haikuharibika, imefanya kazi yake sawasawa. Kabla ya kugusa mafaili ya data, PostgreSQL huandika kila badiliko kwenye logi, yaani daftari la mabadiliko, iitwayo WAL, iliyogawanywa vipande vya MB 16. Zamani pacha ilisubiri kipande kizima kijae ndipo iletewe. Tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010, logi hutiririka papo hapo inapoandikwa. Pacha ni kama mwanafunzi wa imla: ukimsomea kosa, analiandika kosa, tena kwa hati nzuri. Itakufaa seva kuu ikiungua au diski ikifa. Kidole cha karani ni habari nyingine.

Kinachotakiwa ni bakapu, nayo ina sehemu mbili. Kwanza kopi kamili, ambayo hutolewa kwa programu ya pg_basebackup. Unaweza kuichukua kutoka kwa pacha ili seva kuu isielemewe. Pili, vipande vyote vya logi vilivyoandikwa tangu kopi hiyo ianze kuchukuliwa, vikitunzwa mahali pengine. Hapa ndipo wengi huteleza. Wana kopi ya Jumapili lakini logi hawana, basi wanarudi Jumapili tu, na kazi ya wiki imekwenda na maji. Kipande kimoja kikikosekana katikati, urejeshaji hukwama hapohapo, hata kama vya mbele yake vipo vyote.

Tena, hifadhi ya logi ikijaa, PostgreSQL haitupi vipande visivyopokelewa. Huvirundika kwenye diski yake na kujaribu tena na tena, mpaka diski ijae na seva izime. Kwa hiyo hifadhi hiyo ichunguzwe kila siku. Na kwa maoni yangu isikae kisiwani wala Nyali. Nairobi si mbali.

Ukiwa na sehemu zote mbili, unaifungua kopi ya Jumapili kwenye mashine ya tatu, unaiamuru isome logi na kusimama saa nane na dakika sita. Jedwali linarudi limejaa. Mizigo iliyoingia baada ya hapo, karani ataiandika upya kutoka kwenye risiti.