"Mapafu yako sawa": kipimo kipi kimesema hivyo?

Mgonjwa wa skleroderma, ugonjwa unaokaza ngozi, kapuliza mashine ya kupima pumzi, kapata asilimia 85, na tayari anaambiwa mapafu yako sawa. Nimeshaisikia mno. Kilicho sawa ni kipimo kimoja, tena kwa masharti.

Skleroderma ya mwili mzima haiishii kwenye ngozi. Mapafuni huingia kwa njia mbili: makovu kwenye nyama ya pafu, au shinikizo kubwa kwenye mishipa ya damu ya mapafu. Wapo wanaopata yote mawili. Kukagua mapafu ni kuyatafuta yote, na hakuna kipimo kimoja kinachotosha.

Spirometria, ndiyo hiyo mashine ya kupuliza, hupima hewa unayoitoa kwa nguvu baada ya kuvuta pumzi mpaka ikome. Jibu hulinganishwa na la watu wenye afya wa umri, jinsia na urefu wako, na kwa mazoea kuanzia asilimia 80 huitwa kawaida. Kero yangu iko hapo. Aliyekuwa na 112 kabla ya kuugua akashuka hadi 84 amepoteza robo nzima ya pumzi yake, na karatasi bado inaandika "kawaida". Kinyume chake pia hutokea: ngozi ya mdomo imekaza, midomo haibani bomba vizuri, hewa inavuja pembeni, na namba inashuka bila pafu kuwa na kosa.

Makovu huonwa kwa CT skani ya mikato myembamba. Eksirei inaweza kutoka safi huku CT ikionyesha ukungu na nyuzinyuzi chini, upande wa mgongoni. Mgonjwa akilala chali sehemu hiyo hubanwa na uzito wa pafu lenyewe, kwa hiyo hugeuzwa kifudifudi apigwe tena. Ukungu ukitoweka, haukuwa ugonjwa.

Halafu kuna kipimo cha gesi kuvuka kuingia kwenye damu: unavuta kaboni monoksidi kidogo sana, unabana pumzi kama sekunde 10, unatoa. Kikishuka sana huku spirometria imebaki palepale, shuku shinikizo kwenye mishipa ya mapafu na uagize ekokadiografia, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Lakini angalia himoglobini, kibeba-oksijeni cha damu, kwanza, maana upungufu wa damu nao hukishusha.

Basi tuseme hivi: "Spirometria ya leo ni 85, ya mwaka jana ilikuwa 96, CT bado hujapigwa."