Divai tamu: utamu wake unatoka wapi?

Kwenye sendofu ya binti yetu hapa Iringa mimi ndiye niliyetumwa waini. Shangazi alikuwa na agizo moja tu: "Mwanangu, niletee ya tamu." Dukani, kule Miyomboni, kijana akanishikisha chupa nyekundu, akaniapia kwamba hii ni tamu na inakwenda sana. Shangazi akapiga funda moja, akafumba jicho, akaomba soda achanganyie.

Kijana hakudanganya. Kiswahili chetu ndicho kilichotuponza. Kwetu supu ya chumvi ni tamu, stori ni tamu, usingizi ni mtamu. Kitu kikipendeza, kimeshakuwa kitamu. Kwenye divai neno hilo lina kazi moja tu: linataja sukari iliyobaki ndani ya kinywaji baada ya kuchacha. Na ile chupa, nilipoigeuza baadaye, iliandikwa Dry, yaani sukari yake imekwisha. Wahudumu huita "drai". Vitabuni utakuta "divai kavu", neno ambalo sijawahi kumsikia mtu akiagizia baa.

Aliyekulia Iringa au Njombe hahitaji darasa refu, maana ulanzi, pombe ya mwanzi, umeshamfundisha. Msimu wa mvua mwanzi mchanga hukatwa ncha, maji yake yakadondokea kwenye mbeta, chombo cha kukingia. Ukinywa ukiwa mbichi ni mtogwa, mtamu wa kuteleza kooni. Uache siku mbili tatu, unakuta mkangafu: umekuwa mkali, una povu, na utamu umekimbia. Umekimbilia wapi? Hamira imekula ile sukari, ikaacha kilevi na gesi. Juisi ya zabibu hupita njia hiyo hiyo. Ikiachwa mpaka hamira imalize sukari, ni drai. Hamira ikikatishwa njiani, ni tamu. Divai tamu, kwa lugha ya vilabuni kwetu, ni ulanzi uliozuiwa usifike kwenye ukangafu.

Kuizuia kuna mbinu kadhaa. Kiwanda kinaweza kuipoza sana divai ikiwa bado inachacha, kisha kuichuja hamira itoke. Wareno wa bonde la Douro, watengenezaji wa divai tamu ya Port, humwagia pombe kali ya zabibu katikati ya safari, hamira ikafa na sukari ikabaki. Kwingine huacha zabibu zinyauke juani au mtini hadi sukari inakuwa nzito kiasi kwamba hamira yenyewe inashindwa kuimaliza.

Hapa ndipo penye siri ninayoipenda, kwa sababu inakuwezesha kukisia utamu bila kufungua chupa. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja zikiliwa, kilevi hupanda asilimia 1. Zabibu zilizoiva vizuri huwa na sukari ya kufikisha kilevi 12 au 13. Sasa shika chupa ya Natural Sweet ya Afrika Kusini, zile zilizojaa madukani. Nyingi zimeandikwa kilevi cha 8 hivi. Hizo nne au tano zilizopungua ziko wapi? Zimo humo humo, bado ni sukari. Chupa ya 13 au 14, hasa nyekundu, mara nyingi sukari yake imeshaliwa yote. Zenye 18 hadi 20 ni hadithi nyingine: hizo zimeongezwa pombe, na nyingi ni tamu, lakini zinywe kwa glasi ndogo.

Kwa vipimo vya Ulaya, divai isiyo na mapovu huitwa drai ikiwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita (divai yenye uchachu mwingi huruhusiwa hadi 9), na huitwa tamu kuanzia gramu 45. Semi-sweet iko chini ya hapo. Gramu 45 zisikutishe, soda ya kawaida ina kama 100. Zenye mapovu zina ujanja wao: iliyoandikwa Extra Dry, ingawa jina linasema "drai zaidi", ina sukari zaidi kuliko iliyoandikwa Brut. Ukitaka utamu kweli kwenye hizo, tafuta Demi-Sec.

Pua nayo hudanganya. Divai inaweza kunukia embe au pera lililoiva na isiwe na sukari hata kidogo. Na ule ukakasi wa divai nyekundu, unaokausha ulimi kama umetafuna ndizi mbichi, watu huuita ukali. Unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na unaweza kuukuta hata kwenye divai yenye sukari. Asiyeupenda, kama shangazi, aanze na nyeupe au ya rangi ya waridi. Hata za Dodoma zinazotuletwa kwa barabara ya Mtera ziko drai na ziko tamu, kwa hiyo neno "Dodoma" peke yake halikwambii kitu.

Kwenye meza, usiweke drai pembeni ya keki. Keki huifanya ionekane chachu kama ndimu. Tamu inaipokea keki vizuri, na mimi naipenda zaidi na kitimoto yenye pilipili, kwa sababu sukari hutuliza moto ambao kilevi kikubwa kingeuchochea. Inywe ya baridi, la sivyo inachosha mdomo kama sharubati. Njombe mwezi wa saba huna haja ya friji, chupa iliyolala jikoni usiku kucha inatosha.

Safari ya pili dukani sikuuliza kama ni tamu. Niligeuza chupa, nikasoma namba: 8. Shangazi alimaliza glasi, na soda yake ikabaki na kizibo.