Mwajiri Mwenye Dini na Bima Yako ya Afya: Msamaha Unaishia Wapi

Kila msimu wa kujiandikisha upya kwenye bima za kazini hapa Marekani, kitengo chetu hupokea malalamiko kutoka kwa wafanyakazi wanaozungumza Kiswahili, hasa walioajiriwa katika hospitali za Kikatoliki na nyumba za wazee zinazoendeshwa na makanisa. Safari hii swali lililojirudia zaidi ni kama bosi mwenye dini anaweza kukataa kukupa bima kabisa. Hapana. Sheria ya bima ya 2010, iliyotiwa saini na Rais Barack Obama, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda wote awape bima la sivyo atozwe adhabu, na imani yake haimwondolei wajibu huo. Wa muda wote maana yake ni anayefanya kazi wastani wa saa 30 kwa wiki au zaidi. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado watu wanarudi kwetu na uvumi uleule.

Mgogoro uko kwenye huduma za kinga, zile ambazo bima hulipia bila wewe kuchangia chochote. Miongozo ya serikali ya Agosti 2011 iliingiza humo njia za uzazi wa mpango. Makanisa yenyewe yalisamehewa. Mashirika ya dini yasiyo ya faida yaliwekewa utaratibu wa kujaza fomu ya pingamizi, kisha kampuni ya bima ikalipia huduma hiyo bila mwajiri kutoa hata senti. Kampuni za biashara hazikupewa nafasi hiyo, na hapo ndipo familia ya Green ya Oklahoma City, wenye maduka ya Hobby Lobby, ilipokwenda mahakamani.

Familia hiyo haikupinga uzazi wa mpango wote. Ilipinga njia 4 kati ya 20, yaani vidonge viwili vya dharura na aina mbili za kitanzi, kwa kuamini kwamba zinaweza kuangamiza mimba iliyokwisha kutungwa. Adhabu ya kuacha huduma moja ni dola 100 kwa siku kwa kila mtu anayeguswa. Kwa wafanyakazi wapatao 13,000 ilikadiriwa kufika dola milioni 475 kwa mwaka. Wangefuta bima yote, wangelipa kama dola milioni 26. Juni 30, 2014, Mahakama ya Juu iliwapa ushindi kwa kura 5 dhidi ya 4, ikitumia sheria ya 1993 inayoizuia serikali kumtwika mtu mzigo mzito wa kiimani wakati ipo njia nyepesi zaidi. Jaji Samuel Alito aliandika waziwazi kwamba hukumu hiyo inahusu uzazi wa mpango, haigusi chanjo wala kuongezewa damu. Tafadhali acheni kuinyoosha hadi huko. Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyepinga, alikumbusha kwamba gharama ya kitanzi inakaribia mshahara wa mwezi mzima wa anayelipwa kima cha chini. Wanaokuja ofisini kwetu ndio hao.

Kanuni za serikali za mwaka 2018 zilipanua msamaha wa kutolipia uzazi wa mpango ukawafikia karibu waajiri wote wenye pingamizi la kidini, nao hawakulazimika tena kufuata utaratibu wa fomu. Julai 8, 2020, Mahakama ya Juu iliziruhusu kwa kura 7 dhidi ya 2. Agosti 2025 jaji wa shirikisho huko Philadelphia akazifuta, na mvutano ukaelekea kwenye rufaa. Kwa hiyo jibu alilopewa mwenzako miaka miwili iliyopita si lazima liwe lako.

Lako liko kwenye kijitabu cha maelezo ya mpango wa bima. Kiombe kwa barua kutoka kwa msimamizi wa mpango, uandike tarehe na ubaki na nakala. Katika kampuni binafsi za kawaida ana siku 30 za kukupa. Akipitisha muda huo, mahakama inaweza kumtoza hadi dola 110 kwa siku. Ukinyimwa malipo ya matibabu, una siku 180 za kukata rufaa ndani ya mpango. Wakikataa tena, kwa madai yanayohusu uamuzi wa kitabibu una miezi minne ya kuomba mpitiaji huru wa nje ya mpango. Kuzungumza na meneja kwenye korido hakuhesabiki.

Uliza pia nani hasa analipa. Kampuni kubwa nyingi hugharimia matibabu ya wafanyakazi zenyewe, na kampuni ya bima iliyoandikwa kwenye kadi ni karani wa kushughulikia madai tu. Mpango wa aina hiyo haubanwi na sheria za bima za jimbo, hata jimbo likilazimisha uzazi wa mpango ulipiwe. Na daktari akikuandikia vidonge vya uzazi wa mpango kwa sababu ya hedhi nzito au maumivu, mwombe aandike ugonjwa huo kwenye faili, maana iko mipango ya taasisi za Kikatoliki inayovilipia kama tiba.

Jambo la mwisho ni vikundi vya Kikristo vya kuchangiana matibabu. Hivyo si bima. Havina wajibu wa kisheria wa kukulipia, kwa hiyo usijitoe kwenye bima ya kazini kabla hujasoma masharti yao yote.